Mchoraji wa Mawingu na Maji
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Nimetakiwa niseme machache juu ya sanaa. Nimemchagua Alfred Sisley, aliyezaliwa Paris mwaka 1839, wazazi wake wakiwa Waingereza.

Sisley alikuwa miongoni mwa wachoraji waliofanya maonyesho yao wenyewe mjini Paris mwaka 1874. Wengi waliwacheka. Wachoraji wenye sifa walimalizia kazi zao chumbani; hawa walichora nje, kwenye jua na upepo. Vibomba vya bati vya kutilia rangi, vilivyobuniwa mwaka 1841, viliwarahisishia safari.

Mwaka 1876 mto Seine ulifurika huko Port-Marly. Sisley, aliyekuwa akikaa jirani, alikwenda kuchora. Hakuchora vilio. Alichora nyumba ya muuza mvinyo imesimama majini, watu ndani ya mashua, na mawingu yakijitazama katika maji. Kwake yeye picha ilianzia mbinguni, ardhi ilifuata.

Kati ya mwaka 1893 na 1894 alichora kanisa la Moret zaidi ya mara kumi: katika jua, katika mvua, katika baridi kali. Jengo ni lile lile, mawe ni yale yale. Lakini mwanga ukigeuka, rangi ya ukuta nayo hugeuka. Ndiyo maana hakuchoka kurudi.

Vijana, shabaha yangu ni hii. Vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870 viliharibu biashara ya baba yake, na tangu hapo Sisley aliishi kwa brashi yake, tena kwa dhiki. Alifariki Januari 1899. Mwaka uliofuata picha yake moja ya mafuriko ilinunuliwa kwa faranga 43,000. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Sisley alivumilia, wala hakuzila.

Kwa hiyo sitawadanganya kwamba juhudi hulipwa daima. Lakini picha ile haikuwa njema zaidi mwaka 1900 kuliko siku alipoimaliza. Kazi ilikuwa tayari. Bei ndiyo iliyochelewa.

Nasi wazazi, mtoto akileta picha nyumbani, tuitazame kwanza, ndipo tuulize itamlisha nini.