Mgeni njoo, mwenyeji apone



Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nataka tuipime methali hiyo kwa habari ya vijiji vya wavuvi vilivyo kandokando ya Ziwa Maracaibo, nchini Venezuela.

Mwaka 1979 alifika huko mwanasaikolojia kutoka Marekani, Nancy Wexler. Wenyeji walikuwa na ugonjwa ambao kwa Kihispania waliuita "el mal", yaani ubaya. Mtu akifika miaka thelathini au arobaini, viungo vyake huanza kurukaruka bila amri yake. Hutembea kama mlevi, akili hupungua, kumeza humshinda, na mwisho hufa. Huo ndio ugonjwa wa Huntington. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.

Wexler hakwenda kutalii. Mama yake mzazi aligunduliwa kuwa na ugonjwa huo huo mwaka 1968, akafariki mwaka 1978. Wanavijiji waliposita kukatwa vipande vya ngozi kwa uchunguzi, walionyeshwa kovu mkononi mwake. Kumbe na yeye alikwisha kukatwa! Wakamwamini. Kwa zaidi ya miaka 20 yeye na wenzake walirudi, wakakusanya damu ya watu zaidi ya 4,000. Damu hiyo iliwasaidia wanasayansi kujua, mwaka 1983, kwamba kasoro imo katika kromosomu ya nne, na mwaka 1993 wakaipata jeni yenyewe.

Jeni ni maagizo ambayo mwili huyafuata kujijenga. Katika jeni hii kuna herufi tatu zinazojirudia kupita kiasi, na maagizo hayo mabovu huzaa protini inayoua seli za ubongo.

Sasa tiba imeanza kuonekana kwa mbali. Septemba 2025, Profesa Sarah Tabrizi wa University College London na wenzake walieleza matokeo ya jaribio la kampuni ya uniQure. Madaktari hutoboa fuvu na kupenyeza ndani ya ubongo virusi vilivyoondolewa madhara. Kazi hiyo huchukua saa 12 hadi 18. Virusi hivyo hubeba agizo jipya linaloziambia seli zipunguze kutengeneza protini ile. Kwa wagonjwa 12 waliopata dozi kubwa, baada ya miaka mitatu kasi ya ugonjwa ilikuwa imepungua kwa asilimia 75, wakilinganishwa na wagonjwa ambao hawakuwamo katika jaribio.

Tusipige vigelegele mapema. Watu 12 ni wachache, na kuchelewesha ugonjwa si kuuponya. Novemba mwaka huo huo kampuni ilisema kwamba wakaguzi wa dawa wa Marekani hawakukubali tena kuwa ulinganisho huo unatosha.

Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada yangu, tulifundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi. Miaka ya kazi imenifundisha swali la saba: nani atafaidika? Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni kwa watoto wachanga wenye maradhi ya neva yanayodhoofisha misuli. Bei yake ilikuwa dola zaidi ya milioni 2 kwa dozi moja. Bei ya namna hiyo mvuvi wa Maracaibo ataipata wapi? Hata nyumba iliyokuwa ikiwatunza wagonjwa huko ilifunga milango mwaka 2014.

Simlaumu Wexler. Mwaka 2020 alitangaza kwamba na yeye anao ugonjwa huo. Mgeni na mwenyeji wote wanangoja.

Lakini sisi tujifunze. Mwaka 2001 wanasayansi waligundua jeni nyingine, inayoleta ugonjwa unaofanana sana na Huntington, na karibu wote wanaoupata wana asili ya Kiafrika. Tiba inayojaribiwa sasa haiigusi jeni hiyo. Ipo siku watafiti watakuja kuomba damu yetu. Tuwape, maana bila damu hakuna dawa. Lakini kabla ya kunyoosha mkono, tuulize dawa ikipatikana itatufikiaje, kwa bei gani, na jibu liandikwe na kutiwa saini.

Vinginevyo mgeni atakuja, na mwenyeji hatapona.