Kupelekwa Muhimbili: Wanafunzi Kando ya Kitanda



Nimetakiwa nieleze jambo linalowatia hofu wengi wanaopewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Asubuhi mgonjwa huzungukwa na vijana wenye makoti meupe. Huyu humhoji, yule humpapasa tumbo, na jamaa hunong'ona kwamba mtu wao anafanywa ubao wa kujifunzia. Mzee mmoja wa kwetu alipanda boti akarejea siku ya pili. Baada ya mwezi ilibidi apelekwe tena, maradhi yakiwa yamezidi.

Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Mafunzo ya udaktari yalianza hapo mwaka 1963, na tangu hapo tiba na masomo havikutengana. Chuo chake kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Baadhi ya madaktari wanaotutibu hapa Visiwani walisomea katika wodi hizo hizo. Na figo ya kwanza kupandikizwa nchini ilipandikizwa hapo, mwaka 2017.

Utaratibu wa wodi ni huu. Mwanafunzi huuliza na kupima. Daktari aliye katika mafunzo ya vitendo hurudia. Kisha anayesomea ubingwa. Mwisho bingwa husikiliza wote, husahihisha, na kauli ni yake. Mgonjwa huulizwa jambo moja mara tatu au nne. Inachosha, sikatai. Lakini mengi yaliyosahauliwa kwenye suala la kwanza hukumbukwa kwenye la tatu: dawa iliyomdhuru zamani, maradhi ya ukoo, hata dawa ya miti shamba aliyopewa na mganga, ambayo watu wetu huona haya kuitaja.

Mwanafunzi hapasui wala haamui dawa kwa rai yake. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza yeye ni nani, ya kusitiriwa, na ya kukataa asichunguzwe naye. Kumkataa mwanafunzi si kukataa matibabu; mzee wetu hakulijua hilo, na hakuna aliyemwambia kabla hajaondoka.

Basi anayesafiri achukue barua yake, picha za eksirei, majibu ya maabara na dawa zote anazotumia. Mwenye suala amwone daktari aliyemwandikia rufaa kabla ya kukata tiketi ya boti.