Mama Yashoda na Malezi ya Mtoto wa Mwenzio

(Hotuba kwa vijana wa hekalu, Kigoma)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kuwahudumia watoto na vijana walio katika shida. Nitaanza na Mama Yashoda. Kila Janmashtami tunaisukuma bembea ya Krishna na kuusifu ulezi wa Yashoda, hali tunajua kwamba hakumzaa. Devaki alimzaa gerezani Mathura; Vasudeva akamvusha mto Yamuna usiku, akamfikisha Gokul. Yashoda akamlea kwa mapenzi yote. Siku ya kurudi Mathura ilipowadia, alibaki na majonzi yake, na mtoto akaenda.

Mwambao wetu huu nao umeyaona ya namna hiyo. Mwezi Mei 2015, maelfu ya Warundi walikimbia machafuko ya nchini mwao, wakajazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawakumba. Meli ya Liemba, iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikawachukua hadi bandari yetu. Walipumzishwa katika uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi wao.

Mtoto wa aina hiyo anahitaji chakula na blanketi. Lakini mhudumu mwenye ujuzi humuuliza pia: Jina lako nani? Kwenu ni wapi? Mara ya mwisho ulikuwa na nani? Majibu huandikwa kwa uangalifu, kwani ndiyo uzi utakaomrudisha kwao. Ndugu wa tumbo moja hawatenganishwi. Hutafutwa familia ya kumpokea, ikiwezekana inayosema lugha yake, na mhudumu huitembelea mara kwa mara, maana si kila mlango unaofunguliwa una huruma ndani yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwa na jina na ya kuwajua wazazi na jamaa zake. Tena inamwajibisha kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Iko pia simu ya watoto, namba 116. Kwa hiyo wajibu huu si wa maafisa ustawi wa jamii peke yao.

Vijana wangu, seva ya siku moja, yenye zawadi na picha, humfurahisha mtoaji kuliko mpokeaji. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja huhesabu siku tunazorudi. Mwenye nia ya kazi hii na ajifunze kusikiliza, kutunza siri, na kuahidi lile tu analoliweza. Na wazazi wakipatikana, amkabidhi mtoto kwao, hata kama moyo unauma. Hapo ndipo atakapomwelewa Yashoda.