Kijana Asiye na Hati na Wajibu wa Jumuiya
(Hotuba iliyosomwa mjini Kampala katika sherehe ya kumbukumbu ya jumuiya)

Bwana Mwenyekiti, masheikh wetu watukufu, wazee wetu, akina mama, nanyi vijana wetu wapenzi,



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake. Nawashukuru wanakamati kwa heshima waliyonipa ya kusimama mbele yenu leo. Katika siku kama hii watu hupenda kusikia khabari za misikiti iliyojengwa na madrasa zilizofunguliwa. Hayo ni mema, na wenzangu watayaeleza kwa ufasaha unishindao. Mimi naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya watu ambao majina yao hayamo katika daftari lo lote, si la serikali, si la shule, wala si la jumuiya hii. Nao ni vijana waliokuja Uganda kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Sudan na kwingineko, au waliozaliwa hapa na wazazi waliotoka huko, wasiokuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba wao ni nani.

Vijana hawa hawako mbali nasi. Wako Kisenyi, wako Katwe, wako Nsambya. Wengine hutembeza vitenge mabegani, wengine huosha sahani katika mikahawa, wengine hubeba mizigo sokoni. Katika sala husimama nasi safu moja, bega kwa bega. Lakini sala ikiisha, sisi twatoka tukienda zetu, nao hutazama kwanza njia ipi waifuate ili wasikutane na mtu atakayewauliza kitambulisho.

Ndugu zangu, aliye na hati hajui uzito wake, kama vile mwenye afya asivyojua thamani ya afya. Asiyekuwa nayo hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Na kwa kuwa siku hizi fedha hutumwa na kuwekwa kwa simu, akiba yake yote hukaa katika laini ya mtu mwingine, na siku wakigombana, akiba imekwenda. Tajiri akimnyima mshahara, haendi kushtaki, kwa kuwa yule tajiri ajua kwamba mlalamikaji mwenyewe aogopa mlango wa polisi. Akimaliza darasa la saba, hajui kama njia yaendelea mbele. Na kwa msichana khatari ni kubwa zaidi, kwa sababu wapo watu ambao huona binti asiye na hati wala jamaa kuwa ni mali isiyo na mwenyewe.

Huenda mtu akasema: hao ni wageni, na kila mgeni ana kwao. Nami namwomba mtu huyo akumbuke khabari za nchi hii. Baada ya vita vya 1979, watu wa West Nile kwa maelfu walivuka mpaka wakaingia Sudan na Zaire, wakaishi huko miaka mingi kwa hisani ya wenyeji wao. Mwaka 1982, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa makwao huko Ankole, ingawa wengi walikuwa wamezaliwa huko. Na ndugu zetu Wanubi, ambao mababu zao waliingia Buganda na Lugard wakati wa miaka ya 1890, waliulizwa vizazi kwa vizazi kwao ni wapi, mpaka Katiba ya 1995 ilipowataja kwa jina miongoni mwa makabila ya Uganda. Wenzao wa Kenya iliwabidi wapeleke mashtaka mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Nayo mwaka 2011 ikaamua kwamba haki za watoto wa Kinubi zilivunjwa kwa kuachwa bila uraia tangu kuzaliwa kwao. Basi hapana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika ukumbi huu wamo ambao babu zao walikuwa kama kijana huyu.

Sasa, jambo la kwanza lipasalo kufahamika ni kwamba vijana hawa si wa namna moja. Aghlabu sisi huwaita kwa jina moja tu, “wasio na karatasi”, kisha twadhani dawa yao ni moja. Sivyo. Kila mmoja ana mlango wake, na akibisha mlango usio wake, hupoteza miaka.

Yuko kijana ambaye mama yake, au baba yake, au hata babu au bibi yake mmoja ni Mganda wa kuzaliwa, lakini hakuandikishwa. Huyo kwa mujibu wa Katiba ni raia. Hahitaji huruma ya mtu. Ahitaji mashahidi wa kweli na mtu wa kumfikisha kwenye ofisi ya uandikishaji. Nasisitiza neno “mama”, maana wako akina mama wadhanio kwamba mtoto aliyezaliwa na baba mgeni amekwisha kuwa mgeni. Sheria ya Uganda haisemi hivyo.

Yuko kijana aliyekimbia vita au mateso. Mlango wake ni Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Sheria hiyo yampa aliyekubaliwa kuwa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi, ya kutembea katika nchi, na ya kusoma shule ya msingi sawa na wenyeji. Lakini yamtaka ajitokeze aombe, tena kwa muda wa siku 30 tangu kuingia kwake. Wengi hupitwa na muda huo kwa sababu hakuna aliyewaambia, wakajificha wakidhani kujificha ndiko salama.

Yuko kijana aliyezaliwa hapa na wazazi wakimbizi. Kuzaliwa peke yake hakumpi uraia, wala mtu asimdanganye kwamba kwampa. Lakini haki ya kuandikwa kuzaliwa kwake anayo. Katiba yaamuru kila kizazi kiandikwe, bila kubagua. Cheti cha kuzaliwa na uraia ni vitu viwili mbalimbali. Wazazi wengi, kwa kujua kwamba hawatapata cha pili, hawaendi kuchukua hata cha kwanza. Na mtoto akifika umri wa shule ya juu hana cha kuonyesha umri wake wala wazazi wake.

Na yuko aliyekuja kutafuta riziki tu. Huyo asijiite mkimbizi. Ikiwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, imemfungulia njia ya kuingia, kukaa na kufanya kazi kwa kufuata taratibu. Mlango wake ni ofisi ya uhamiaji.

Bwana Mwenyekiti, hapa ndipo nifikapo penye jambo zito, nalo najua halitawapendeza wote. Kuna desturi iliyoingia kati yetu, ya mzee mwema kumwonea kijana huruma, akamwandikia barua kwamba amezaliwa katika mtaa huu na kwamba ni mtoto wa fulani, hali ajua kwamba sivyo. Nia yake ni njema, wala simshutumu mtu. Lakini tutazame matokeo. Kijana aliyekuwa na haki ya kweli ya ukimbizi ameiacha, akashika uraia wa uwongo. Siku uwongo utakapojulikana, vyote viwili vimetoka mkononi, na juu yake kuna kosa la jinai. Na mtoto mwenye haki kweli, atakapokuja na barua ya mzee yule yule, ofisi haitaiamini. Hivyo barua moja ya uwongo huharibu barua mia za kweli.

Tukumbuke Waislamu wa kwanza waliohamia Habasha mnamo mwaka 615. Walipoitwa mbele ya Najashi, naye ni mfalme Mkristo, wakaulizwa wasemavyo juu ya Nabii Isa, walijua kwamba jibu lao laweza kuwafukuzisha. Hawakuwa na nchi nyingine ya kukimbilia. Hata hivyo walikubaliana kusema kweli, na Jaafar bin Abi Talib akaisema. Kweli ile ndiyo iliyowapa amani katika nchi ya kigeni. Basi sisi tusimfundishe mhamiaji kwamba usalama wake umo katika uwongo.

Lakini, ndugu zangu, kumkataza mtu njia ya uwongo bila kumwonyesha njia ya kweli ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Kwa hiyo naleta mbele ya kamati mambo manne.

La kwanza ni daftari na wasindikizaji. Kila msikiti uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye subira na wajuao kusoma na kuandika vizuri. Wafundishwe sheria hizi na mwanasheria. Kazi yao iwe kumsikiliza kijana, kujua mlango wake ni upi, kisha kwenda naye ofisini. Neno “kwenda naye” lina maana. Kijana aliyetumwa peke yake hurudi njiani; aliyesindikizwa na mtu mzima hufika. Na daftari hilo lifungwe kwa ufunguo. Kijana akisikia kwamba jina lake limesomwa barazani, hatarudi tena, wala hatamleta mwenziwe.

La pili ni masomo ya jioni. Madrasa zetu nyingi hukaa tupu baada ya Magharibi. Taa zipo na mikeka ipo. Tuwafundishe Kiingereza cha ofisini, Kiganda cha sokoni, na hesabu. Kiswahili wengi wao wanacho, nacho kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mabadiliko ya Katiba ya 2005. Basi na wao watufundishie watoto wetu Kiswahili, ili wawe watoaji, wasiwe wapokeaji tu. Mtu apokeaye kila siku huinamisha kichwa.

La tatu ni kazi za mikono. Mtume alipowaunga udugu Muhajirina na Ansari, Saad bin Rabii alimtolea Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kuuza samli na jibini, na haukupita muda akawa mtu wa kujitegemea. Wote wawili walitenda wema: mmoja kwa kutoa, wa pili kwa kutaka njia badala ya sadaka. Katika jumuiya yetu wamo mafundi cherehani, maseremala, wenye gereji na wenye maduka. Kila mmoja akimchukua kijana mmoja tu, aliye na haki ya kufanya kazi au anayeshughulikiwa aipate, akamfunza kwa mapatano yaliyoandikwa, yenye muda na ujira unaojulikana, tutakuwa tumewaonyesha soko. Nasema yaandikwe, maana kufunza bila mapatano huweza kugeuka utumwa wenye jina zuri.

La nne ni ulinzi wa mabinti. Akina mama wa jumuiya wapewe fungu lao na madaraka yao katika kazi hii, wasiwe wapishi wa sherehe tu. Binti hatamweleza mwanamume yaliyompata katika nyumba alimotumikia. Atamweleza mama.

Najua swali lililo midomoni mwenu: fedha zitoke wapi, hali watoto wetu wenyewe wana karo zisizolipwa? Ni swali la haki. Nami sisemi mtoto wa hapa apokonywe kalamu apewe mgeni. Lakini sehemu kubwa ya niliyoyataja yataka muda wetu kuliko fedha zetu. Mkeka upo, fundi yupo, mwalimu yupo. Kwa lile litakalohitaji fedha, tukumbuke kwamba katika mafungu manane ya zaka, Mwenyezi Mungu ametaja fungu la msafiri aliyeishiwa. Masheikh wetu watatueleza ni nani hasa aingiaye katika fungu hilo na katika mafungu ya mafakiri na masikini. Nasi tufuate watakavyotueleza. Tena mtoto wa hapa na mtoto mgeni watakaa mtaa mmoja maisha yao yote. Kijana asiye na kazi wala jina hukaribishwa upesi na watu waovu, na madhara yake hayamchagui mgeni wala mwenyeji.

Neno langu la mwisho ni kwenu, vijana ambao nimewazungumza leo, ikiwa mmo humu. Hamna aibu. Kukosa hati si kukosa utu, wala si dhambi. Msijifiche kwetu. Njoni na kweli yenu kama ilivyo, hata kama ni kweli ngumu, nasi tutakwenda pamoja hadi mwisho wa njia ilipo. Pengine ofisi itakataa. Hilo hatuwezi kuwaahidi. Tuwezalo kuwaahidi ni kwamba hamtasimama mbele ya meza ile peke yenu.

Naiomba kamati ilipitishe jambo hili kabla ya wageni wetu kuondoka, ili kumbukumbu ya siku hii isiwe ya pilau na hotuba peke yake. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe Ansari wa zama zetu, awape wageni wetu makazi ya amani, na atuunge sote katika kheri.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.