Saa za Ukutani: Masomo ya Uzamili ya Uhifadhi wa Majengo ya Kale kwa Njia ya Mtandao



Uhifadhi, ukarabati na urejeshaji ni maneno anayoyafahamu kila mmoja humu ukumbini, na Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 ulishaweka misingi ya uhifadhi na urejeshaji. Masomo ya mtandaoni nayo hayahitaji utangulizi: mhadhara hurekodiwa, mwanafunzi huusikiliza usiku baada ya kazi, huwasilisha insha kwa tarehe iliyopangwa. Kwa ofisa wa mambo ya kale aliyeko Kilwa au Lamu, mwenye familia na mshahara mmoja, hii ni neema. Anasoma bila kuyaacha majengo aliyokabidhiwa.

Ninalotaka kulisemea ni chokaa.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zake zinapumua. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya, jiwe linalika, na ncha za boriti zinaoza humo humo ukutani pasipo mtu kuziona. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuyaandika haya yote kwa ufasaha na kupata alama ya juu kabisa, naye hajawahi kuishika chokaa iliyozimwa ikaiva.

Nilimsimamia mmoja aliyekuwa mji mwingine, akitufuata kwa video. Fundi wetu, mzee aliyekulia katika kazi hii, alikuwa akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, shubiri baada ya shubiri. Tuliokuwa pale tulisikia mlio ukibadilika, ukawa kama wa mtungi mtupu: lipu imeachana na jiwe. Mwanafunzi hakusikia kitu. Programu ya mkutano ilikuwa imeuchuja mlio ule pamoja na kelele za barabarani.

Nilikiandikia chuo chake nikiomba mzee yule atambuliwe kuwa msimamizi wa vitendo. Nilijibiwa kwa heshima kwamba msimamizi lazima awe na shahada ya uzamili. Mwaka uliofuata niliandika tena, na uliofuata tena. Taratibu za ithibati zina sababu zake, sisemi zivunjwe. Lakini mafundi hawa wanazeeka, na majengo hayangoji vikao. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Chanzo chake nawaachia waliopewa kazi ya kukichunguza.

Mapendekezo yangu ni haya. Mwanafunzi asitunukiwe shahada kabla ya kutimiza saa 120 za kazi ukutani. Fundi chokaa atambuliwe kuwa mkufunzi na alipwe kama mkufunzi. Kalenda ya vitendo ifuate majira, si muhula, kwa sababu lipu ya chokaa haipigwi kwenye mvua za masika. Kila kituo cha mambo ya kale kiwe na shimo la chokaa lisilokauka mwaka mzima, mwanafunzi wa mbali apate pa kujifunzia karibu na kwake. Mihadhara ibaki mtandaoni kama ilivyo.

La fundi nalirudia kwa makusudi. Fomu ya tathmini iongezwe mstari mmoja wa sahihi yake, na kidau cha wino kwa anayetia dole gumba.