Lipe Jua Kisogo

Msikilizaji, tarehe 1 Septemba 2016, kama saa sita na dakika saba mchana, kupatwa kwa jua kulifika kilele chake huku huku kusini, upande wa Tunduru, magharibi ya Masasi. Huko jua lilibaki pete. Wageni wengi walikimbilia Rujewa, Mbarali, kuiona pete hiyo. Masasi na Newala tukabaki na hilali nyembamba, karibu utosini.

Sasa, ulitazama kwa kutumia nini? Miwani halisi ya kutazamia jua ina alama ya ISO 12312-2, na ukiivaa chumbani huoni hata dirisha. Ukiliona, si yenyewe. Kioo cha fundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14. Cha kazi za kawaida, namba 10 au 11, hakitoshi. Filamu ya eksirei, kioo cha moshi, miwani ya mnadani, weka kando. Vinapunguza mwangaza, lakini mionzi usiyoiona inapenya, na retina haijui maumivu. Jicho linaungua kimya kimya. Baada ya saa kadhaa unamtazama mtu usoni, unaona doa.

Ila nina ugomvi na wanaodhani bila miwani ya dukani hakuna kuona. Toboa boksi kwa sindano, lipe jua kisogo, mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Karatasi ikiwa mita 1 nyuma ya tundu, utapata kijua cha milimita 9. Isogeze hadi mita 3, kinakaribia sentimita 3, ingawa kinafifia.

Tena kwetu hata boksi si lazima. Mkorosho una matundu yake, kila penye mwanya kati ya majani. Yale maduara ya mwanga tunayoyakanyaga kivulini ni picha za jua lenyewe! Likipatwa, mchanga wote unajaa hilali, zimeelekea upande mmoja.

Tarehe 21 Mei 2031 pete itapita tena Tanzania. Walimu wetu wasiingoje, maana jua la leo nalo linapita kwenye tundu la sindano. Shule yenye darubini ndogo iielekeze juani kwa kufuata kivuli chake, picha iangukie karatasini, na mwalimu asibanduke hapo, mtoto asije akachungulia. Madoa ya jua yakiwa makubwa, darasa zima litayaona kwa pamoja.