Hana Alijibu kwa Heshima, Lakini Alijibu

Masomo: 1 Samweli 1:9-18, Walawi 13:1-8



Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wanalibeba rohoni na hawalisemi kanisani. Ni kwenda kwa muganga na hofu yako, kulipa fishi, kupanga mstari tangu asubuhi, kisha kurudi nyumbani na hofu ile ile kwa sababu hukusikilizwa. Neno la Mungu linalijua jambo hili. Tufungue Samweli wa Kwanza, sura ya kwanza.

Hana aliingia hekaluni Shilo akiwa na uchungu wa miaka mingi. Aliomba moyoni, midomo ilitikisika, sauti haikusikika. Kuhani Eli alikuwa ameketi karibu na mlango. Akamtazama yule mama kinywani, akakata neno: huyu amelewa. Tena akamwambia waziwazi aache pombe yake.

Sasa angalieni vizuri. Eli hakuwa mtu wa mitaani. Alikuwa mtumishi halali, ameketi mahali pake pa kazi, na macho yake yaliona kweli midomo inayotikisika. Alichokosa ni kuuliza. Alitoa jibu kabla ya kusikia habari, na Mithali 18:13 inasema wazi kwamba kufanya hivyo ni upumbavu na aibu. Mtu anaweza kuwa na elimu, kuwa na kiti, kuwa na upako, na bado akakosea juu ya mtu anayesimama mbele yake.

Na Hana alifanya nini? Angeweza kuondoka akilia. Angeweza kumtukana kuhani, akaenda kuwaambia watu wote kwamba Shilo hakuna Mungu. Hakufanya hivyo. Alimwita bwana wake, akamwambia kwamba hakunywa divai wala kileo, kwamba yeye ni mwanamke mwenye huzuni rohoni. Alijibu kwa heshima, lakini alijibu. Na Eli, aliposikia, alibadilisha neno lake. Kinywa kile kile kilichomhukumu ndicho kilichombariki.

Mama mmoja wa kanisa letu ameniruhusu niseme habari yake bila jina lake. Mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa wa sukari baada ya kukatwa mguu. Kaka yake mkubwa anao ugonjwa huo huo. Yeye mwenyewe, mtoto wake wa mwisho alizaliwa na kilo 4 na nusu. Ni mama mwembamba, anauza ndakala sokoni, anakaa kutwa nzima kwenye kiti. Akaenda kuomba apimwe sukari. Muganga hakuinua macho kwenye karatasi. Akamwambia: «Mama, sukari ni ya watu wanene. Wewe huna ugonjwa, una wasiwasi.» Wakamfanyia kipimo cha mkojo tu, wakaona hakuna kitu, wakamrudisha.

Mama huyu aliniambia: «Pasta, hata kama ningekuwa sina ugonjwa, ningefurahi. Kilichoniumiza ni kwamba aliniona kama mtoto anayedanganya.» Akaniambia pia kwamba hatarudi tena pale. Jirani alikuwa amekwisha kumwonyesha mtu anayeuza chupa za dawa ya majani machungu, anayeahidi kumaliza sukari kwa siku 21.

Wapendwa, hapo ndipo shetani anapopata nafasi. Muganga mmoja anakudharau asubuhi, na jioni uko mikononi mwa mwongo anayekusikiliza vizuri. Yule mwongo ana muda, anakuita mama, anakushika mkono, anachukua franka zako, na ugonjwa unaendelea kimya kimya.

Ni lazima tuelewe jambo hili la sukari. Mtu hatoki kwenye uzima na kuamka kesho yake na ugonjwa wa sukari ya watu wazima. Kuna njia katikati. Sukari inapanda pole pole, miaka inapita, na mara nyingi mtu hasikii chochote: hana kiu, hana maumivu, anafanya kazi yake. Ndiyo maana ni rahisi kumwambia kwamba hana kitu. Lakini damu inaweza kusema. Mtu akipimwa asubuhi, hajala kwa saa 8 au zaidi, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba miligramu 126 au zaidi kwa desilita moja ya damu ni ugonjwa wa sukari. Kati ya 110 na 125, mtu yuko kwenye ile njia ya katikati. Waganga wa Marekani wanaanza kuonya tangu 100. Mtu asiye na dalili hupimwa mara mbili, siku mbili tofauti, kabla ya kuambiwa kwamba ana ugonjwa. Kile kimashine cha kidole kinasaidia, lakini neno la kuamua litoke kwenye damu ya mshipa, laboratwari.

Na kipimo cha mkojo? Kwa watu wengi, sukari haiingii kwenye mkojo mpaka ipite karibu 180 ndani ya damu. Basi mkojo unaweza kuwa safi na damu ikawa imeanza kupotea njia. Kumpima mama yule mkojo na kumwambia nenda kwa amani ni kama kuangalia mlangoni na kusema hakuna mwizi, wakati amekwisha kuingia kwa dirisha.

Kuhusu wembamba pia: unene unaongeza hatari, ndiyo, lakini wembamba si cheti cha uzima. Damu ya jamaa, mtoto aliyezaliwa mkubwa kuliko kilo 4, kukaa sana bila kutembea, miaka kupanda, shinikizo la damu: haya yote ni sababu za haki za kuomba kipimo.

Tuende sasa kwenye Walawi 13. Wengi wetu tunairuka sura hii kwa sababu inasema habari za ngozi na ukoma. Lakini someni aya ya 4 mpaka ya 6. Mtu anakuja kwa kuhani na alama isiyoeleweka. Haijawa ugonjwa wazi, lakini si ngozi safi pia. Sheria inamwambia kuhani afanye nini? Haikumruhusu amfukuze kwa kicheko. Haikumruhusu pia amtie hofu kwa kumtangaza najisi kabla ya wakati. Ilimwamuru angoje siku 7, atazame tena. Kama bado hakujaeleweka, siku 7 nyingine, atazame tena.

Mungu wetu ndiye aliyeweka sheria ya kutazama mara ya pili. Alijua kwamba kuna magonjwa yanayoanza kidogo, na kwamba jicho la kwanza halitoshi. Kwa hiyo mtu anayeomba kwa heshima apimwe tena, asihesabiwe kuwa mkaidi. Anaomba kitu ambacho Torati yenyewe ilikijua.

Lakini sikieni na upande wa pili. Mara nyingine kuhani alipotazama tena alimwambia mtu: wewe ni safi. Na yule mtu alifua nguo zake, akaenda zake. Ukipimwa vizuri na jibu likawa jema, lipokee. Usizunguke hospitali tano ukitafuta muganga atakayekubali kwamba unaumwa. Hana, baada ya neno la Eli, alienda akala chakula, na uso wake haukuwa tena na huzuni. Tunaomba kusikilizwa. Hatuombi kupewa jibu tunalolitaka.

Basi tufanye nini? Nitasema mambo matatu.

Kwanza, wewe uliyedharauliwa, rudi. Rudi umejiandaa. Andika kwenye karatasi: nani katika jamaa ana sukari, watoto wako walizaliwa na kilo ngapi, unakunywa maji mara ngapi usiku, tangu lini. Enda asubuhi bila kula. Chukua mtu pamoja nawe. Mwambie muganga hivi: «Muganga, ninaheshimu kazi yako. Naomba unipime sukari ya damu kabla sijala. Kama haiwezekani hapa, naomba uniandikie karatasi ya kwenda mahali pengine.» Hayo si matusi. Hayo ni maneno ya Hana. Na kama mlango ule umefungwa kabisa, kuna kituo kingine cha afya. Yule mama wa Marko 5 aliteswa na waganga wengi akamaliza mali yake yote, lakini hakukata tamaa ya kusogea mbele ya watu. Na Yesu alisimama. Yairo alikuwa anangoja, mtoto wake yuko karibu kufa, hata hivyo Yesu alisimama mpaka yule mama aseme habari yake yote. Kisha akamwita binti.

Pili, ninyi waganga na wauguzi mnaotusikiliza, wengine ni washirika wetu. Tunajua kazi yenu. Tunajua mstari ni mrefu, malaria ni nyingi, mshahara unachelewa. Tunawaombea kila juma. Lakini mgonjwa hakumbuki mstari wenu, anakumbuka uso wenu. Inua macho, uliza maswali mawili kabla ya kukata neno. Na ukiona umekosea juu ya mtu, fanya kama Eli: badilisha neno lako. Eli hakupoteza ukuhani wake kwa kumsikiliza Hana.

Tatu, sisi tunaoomba. Hapa nasema na wachungaji wenzangu na viongozi wa vyumba vya maombi. Sisi tunaamini kwamba Yesu anaponya, na hatutaacha kuhubiri hivyo. Lakini tusiwe Eli wa pili. Mtu akileta hofu yake ya sukari, tusimwambie haraka kwamba ni pepo, au ni dhambi, au ni kukosa imani. Na mtu aliyeombewa asitupe dawa zake. Katika Luka 17:14 wale wenye ukoma kumi, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Uponyaji wa Yesu hauogopi kupimwa. Kama umepona, laboratwari itaona.

Tena wazazi, nawasihi sana: mtoto anayekunywa maji bila kushiba, anayekojoa sana, anayekonda haraka, kisha anatapika na kupumua kwa nguvu, msimfungie kwenye chumba cha maombi. Kuna sukari ya watoto inayoua kwa siku chache, na inafanana na malaria. Mkimbizeni hospitali siku ile ile, na semeni wazi: mpimeni sukari. Ombeni njiani. Zamani watoto hao walikufa wote. Mwaka 1921 watu wa Toronto, huko Kanada, walipata dawa ya insulini, na leo mtoto wa namna hiyo anaweza kukua, kusoma na kuoa. Tumshukuru Mungu aliyewapa watu akili hiyo, na tusiikatae zawadi yake kwa jina lake.

Yule mama wa ndakala alirudi. Alienda na dada yake mdogo na karatasi yake, kwa muganga yule yule. Alisema maneno yake kwa sauti ndogo. Muganga akanyamaza kidogo, akaandika kipimo. Damu ilionyesha 117. Wakarudia juma lililofuata: 115. Si ugonjwa bado, na si wasiwasi mtupu. Muganga akamweleza, akamwambia apunguze sukari kwenye chai na aache sucré, kipande cha bugali kiwe kidogo na sombe na maharage viwe vingi, atembee nusu saa siku tano za juma, kisha apimwe tena kila mwaka.

Shauri hilo lina nguvu. Mwaka 2002 Marekani walitoa matokeo ya kazi kubwa waliyoifanya na watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye ile njia ya katikati. Wale waliofundishwa kula vizuri, kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa juma, hatari ya kuingia kwenye ugonjwa ilipungua kwa asilimia 58 kuliko wenzao. Njia ya katikati si njia ya kwenda tu. Unaweza kugeuka. Lakini nani atageuka kama hajaambiwa yuko wapi?

Ndiyo sababu nasema kusikilizwa ni jambo la uzima na mauti. Nenda kaseme habari yako, mama. Nenda kaseme, baba. Bwana aliyesikia midomo ya Hana isiyo na sauti anakusikia kabla hujafika kwenye mlango wa muganga.

Tuombe. Baba wa mbinguni, wape nguvu waliovunjika moyo ili warudi kuuliza. Wape waganga wetu masikio na subira. Wape wachungaji hekima ya kuomba na kutuma watu hospitali. Uwalinde wale ambao damu yao imeanza kupotea njia, uwageuze mapema. Katika jina la Yesu. Amina.